Pikipiki Iliyokataa Kufika Kiwanja

Sitataja mwaka. Mutu wa Goma akikuambia "wakati wa vita," unamuuliza "ipi?" na hapo mazungumzo yameshaharibika. Tuseme ilikuwa ile miezi mji wetu ulipobadilisha wakubwa. Wale wa kwanza waliondoka bila kuaga, hawa wapya wakaingia na hotuba.

Pikipiki yenyewe ilikuwa FN ya Wabeleji, ya mwaka wa hamsini na mbili, silinda moja, nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Padri mmoja aliyekuwa anarudi Ulaya alimwachia Nzabonimpa, katekista wa Kibumba, na Nzabonimpa aliitunza kuliko meno yake. Siku moja ilibeba bibi harusi, shangazi yake, mbuzi wawili na kinanda cha parokia, wote kwa safari moja, na walioshuka wakilalamika ni mbuzi peke yao. Nzabonimpa alipofariki, pikipiki ikabaki kwa mke wake, Mama Dancille.

Huyu Dancille nataka umwone vizuri. Mwanamke mfupi, miaka sitini hivi, mabega ya mutu aliyelima viazi tangu utoto. Vita ilipofika Kibumba, hakuchukua kitanda wala sufuria. Alichukua FN. Mafuta hayakuwamo, basi akaiacha iteremke yenyewe, kilometa kumi na kitu, mfuko wa maharage mbele na mama mkwe wake nyuma, hadi kambini Kanyaruchinya. Mama mkwe anasema njiani walilipita lori la jeshi lililokuwa linakimbia. Mimi sikuliona lori hilo, lakini mama mkwe hajakosa misa hata Jumapili moja, kwa hiyo namwamini.

Kwa nini pikipiki na si kitanda? Kwa sababu ya shamba. Mutu asiye wa huku hawezi kuelewa. Shamba la Kibumba likikaa misimu miwili bila jembe, siku unarudi unakuta mutu mwingine ndani yake. Ana karatasi, ana mashahidi, ana hata kaburi la babu yake ambalo jana halikuwepo. Msimu mmoja ulikuwa umekwisha pita. Dancille alikuwa na hesabu moja tu kichwani: kupanda Kibumba asubuhi, kulima, kushuka kambini kabla ya saa kumi. Kwa miguu haiwezekani. Kwa FN inawezekana, kama FN ingekubali kupanda mlima.

Haikukubali. Ilipofika mwinuko wa kwanza baada ya Kanyaruchinya ilikohoa, ikatoa moshi mweusi kama kiwanda cha matofali, ikazima. Ndipo akanitafuta mimi, huko Goma, mtaa wa Majengo.

"Muzee Birindwa," akasema, "banasema weye unajua kuponesha pikipiki."

"Banasema pia minajua kuimba. Ingiza tuone."

Mimi sikusoma mekanike shuleni. Miaka thelathini na miwili nilikuwa karani wa ofisi ya usajili, naandika nani amezaliwa na nani amekufa, na nyakati nyingine nawaandika kwa mpangilio huo huo siku moja. Injini nilijifunza peke yangu, kutoka kitabu cha Kiflamandi nilichokiokota kwenye karakana ya misheni. Kiflamandi sikijui hata neno. Nilisoma picha. Mpaka leo nikifungua kabureta naiona kwa rangi nyeusi na nyeupe, na mishale.

Nilitazama buji, ile plagi ya kuwashia mafuta ndani ya injini: nyeusi, imejaa masizi. Mafuta mengi, hewa kidogo. Hilo hata mtoto wa motari, wale wanaobeba abiria kwa pikipiki, anajua. Lakini mengi kiasi gani? Wapi? Injini ikiwa imetulia, ikiwa nusu gesi, au gesi yote, mkono umezungushwa hadi mwisho? Kitabu changu kilikuwa na picha ya mzungu ananusa moshi kwa pua. Nilinusa wiki nzima, nikapata mafua tu.

Basi nikaenda Himbi kwa Hilaire.

Hilaire alikuwa fundi wa magari kwenye shirika moja la misaada, mle ndani ya kuta ndefu zenye maua. Mzungu aliyekuwa mkubwa wake alipohamishwa alimwachia vitu viwili: mbwa, na kipimo cha hewa na mafuta. Mbwa alikufa. Kipimo kilibaki, kimefungwa kwenye soksi, kwa sababu hakuna gari la shirika lililokihitaji. Ni saa ndogo ya mviringo yenye namba nyekundu, na waya mrefu, na mwisho wa waya kuna kitu kama buji ambacho kinaingia ndani ya bomba la moshi kuonja.

"Kinaonja moshi," Hilaire akanieleza, "halafu kinakuambia injini imekula hewa kilo ngapi kwa kilo moja ya mafuta. Kumi na nne na nukta saba, imekula sawasawa. Kumi na tatu, iko na nguvu. Kumi, imelewa mafuta. Ikipita kumi na sita, iko njaa, na itachoma pistoni."

"Na kinasema uongo?"

"Hakijui. Weye ndiye unajua."

Alinitazama sana wakati wa kuniazima. "Muzee, hiki kitu hakuna kingine Goma. Kikipotea, usirudi Himbi."

Tulichomelea ekru, nati ya chuma, kwenye bomba la FN, tukaskrubu kile kionjo. Umeme wa FN ni volti sita, haukitoshi, kwa hiyo nilibeba betri ya gari ndani ya mfuko wa unga, juu ya mapaja yangu. Kipimo tulikifunga juu ya tangi kwa vipande vya mpira wa tairi. Dancille akaendesha. Mimi nikakaa nyuma, betri inaniunguza, shingo nimeinyoosha juu ya bega lake, napiga kelele namba ili zisipotee na upepo.

"Imetulia, kumi na tatu na nusu. Nusu gesi, kumi na tatu na nane. Ongeza, mama. Ongeza yote. Kumi na mbili... kumi na moja... tisa na nusu."

Pu. Ikazima. Watu wa barabarani walidhani ni wahubiri wa kanisa jipya. Mmoja alituuliza aya yenyewe iko wapi.

Lakini sasa tulikuwa tumejua. Pikipiki ilikuwa nzima ikitembea polepole, nzima katikati, na ililewa tu ikipewa gesi yote. Na gesi yote, ndani ya kabureta, inapita kwenye kitu kimoja: jikleri kubwa, kipande cha shaba kidogo kama punje ya mhindi, chenye tundu katikati. Nikaitoa, nikaiweka juani. Tundu lilikuwa pana hadi unaona mlima ndani yake.

"Nani alifanya hivi?"

Dancille akacheka kidogo, aibu ikamshika. "Ni marehemu. Kila Jumamosi alikuwa anaipitisha sindano ya kushonea. Ju mafuta ya bakadhafi iko na uchafu."

Hapo nikaelewa. Kadhafi ni wale wanaouza mafuta kwenye madumu kando ya barabara, na kila dumu lina mchanga wake. Wenzetu wote huku hutoboa jikleri kwa sindano. Unatoa uchafu, lakini pamoja na uchafu unatoa na shaba kidogo, kidogo tu. Miaka thelathini ya Jumamosi. Nzabonimpa, kwa mapenzi yake yote, alikuwa anaizamisha pikipiki yake kwa sindano ya mke wake.

Na Kibumba iko juu zaidi ya Goma. Hewa ya kule ni nyepesi, mafuta ni yale yale. Inayolewa hapa chini, kule juu inaanguka kabisa.

Jikleri nyingine hazikuwepo mji mzima. Nilichukua skrubu ya shaba yenye tundu, ya ukubwa ule ule, nikaziba tundu kwa risasi ya kuchomelea redio, na kuitoboa upya nikatumia kekee ya daktari wa meno aliyekuwa bado ananidai pesa za jino. Mara saba nilitoboa, mara saba tukapanda mlima na betri na namba. Mara ya saba, karibu na soko la Kibumba, gesi yote, mlima wote, kipimo kikasema kumi na mbili na tisa na kikakaa hapo kama mutu aliyepata kiti. Dancille hakusimama. Alipita soko, akapita nyumba yake isiyo na mabati, akasimamisha FN katikati ya shamba lake lililojaa magugu, akashuka, akaanza kung'oa kwa mikono. Sikumkumbusha kwamba betri bado inaniunguza.

Tangu siku ile alipanda kila asubuhi. Jikleri ya zamani, ile pana, nikaitia ndani ya kopo la majani ya chai.

Na sasa Komanda.

Jina lake alikuwa nalo, lakini sisi tulimwita Komanda, na yeye alipenda hivyo. Kijana wa miaka arobaini, buti zinang'aa hata siku ya mvua. Alikuwa na ugonjwa mmoja: alitaka kuwa serikali. Wengine waliotangulia waliichukua redio yako wakaenda. Huyu aliichukua redio yako akakuandikia boni, stakabadhi yenye mhuri. Kila mkutano alisema, "Sisi si wezi. Sisi ni utawala. Kila kitu kina karatasi." Alisema hivyo Himbi, alisema sokoni, na nasikia alisema hata kwenye mazishi.

Alasiri moja FN ilimpita barabarani. Alikuwa ndani ya pikapu, wanateremka mlima, na mwanamke mzee mwenye jembe mgongoni akampita akipiga honi. Saa moja baadaye pikapu ikasimama kwangu Majengo, ambako Dancille alikuwa ameleta pikipiki tuipime tena.

"Muzee, hii pikipiki ni ya nani?"

"Ni ya huyu mama," nikasema.

"Kesho nakwenda mji wa Kiwanja. Siku ya soko. Watu wote wa Rutshuru watakuwa pale, na mkubwa wangu atakuwa pale. Nitaingia nikiwa mbele, juu ya pikipiki hii. Kesho saa tatu asubuhi nataka iwe tayari."

Dancille akasimama. "Na itarudi lini?"

"Mama, hii ni mali ya utawala kuanzia sasa. Utapewa boni."

"Boni inapanda Kibumba?"

Askari mmoja akacheka, Komanda akamtazama, akaacha kucheka. "Nimesema saa tatu," akarudia. Akaonyesha kipimo kwa kidole. "Na hiki ni nini?"

"Kinapima kama injini iko na afya," nikasema. "Hakidanganyi."

"Vizuri sana. Kesho kitanionyesha."

Wakaondoka. Dancille akakaa juu ya jiwe la volkano, mikono kwenye magoti. Sikupenda kumwona hivyo. Yule mwanamke alipita vita akiwa juu ya magurudumu.

"Nitaichoma," akasema. "Nitaimwagia mafuta niichome. Asiipande."

"Ukiichoma, shamba linachomeka pamoja nayo."

"Basi nifanye nini, Muzee? Nimupe? Nimupe na aksanti juu?"

Nikafungua kopo la majani ya chai. Nikaweka kiganjani mwake jikleri ya marehemu.

Alikiinua kile kishaba juani. Halafu akaanza kutabasamu upande mmoja, na nikajua Nzabonimpa alikuwa ameoa nini.

"Hapa uwanjani," nikamwambia, "ataiwasha, itatulia. Atatia nusu gesi, itaimba. Kipimo kitasema ukweli mtupu. Gesi yote hawezi kutia, atavunja ukuta wangu. Gesi yote ataitia mlimani. Na mlimani kipimo hakitakuwepo."

"Itakufa wapi?"

"Ah, mama, hiyo..."

"Hapana, Muzee. Nataka ikufe Kibumba, mu soko, mbele ya batu. Ikikufa mu pori bataitupa."

Ilivyokuwa ingezima kwenye mwinuko wa kwanza, basi nikapunguza tundu lake kidogo kwa risasi, nikaifunga ndani ya kabureta. Kusema kweli nilipunguza kwa kukisia, lakini Dancille nilimwambia nimepiga hesabu, na kwamba itafia kwenye meza ya tatu ya kabichi. Jikleri nzuri, ile ya kumi na mbili na tisa, aliifunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Sasa imebaki karatasi," nikasema. "Karatasi ni kazi yangu."

Asubuhi Komanda alifika saa tatu kamili, amevaa sare yenye nyuzi za dhahabu begani. Nikaiwasha FN. Ilitulia, du, du, du, kama moyo wa askofu. Kipimo: kumi na tatu na nusu. Nikatia nusu gesi: kumi na tatu na nane. Komanda aliinama kusoma, na uso wake ulikuwa uso wa mutoto anayesoma jina lake kwa mara ya kwanza. Nilikaribia kumhurumia. Nikakumbuka redio yangu, ile aliyoniandikia boni.

"Kila namba ni ya kweli?"

"Kila moja, Komanda. Nakuapia." Na niliapa bila dhambi. Kipimo kilijibu vizuri kila swali alilokiuliza.

Akataka boni. Askari wake mwenye kalamu alikuwa anaandika kama kuku anayetafuta mchwa, kwa hiyo nikajitolea. Nilikuwa nimeshaandaa, nakala tatu, kwa mwandiko wa ofisi: nambari ya injini, rangi, hali ya kitu, sababu ya kukichukua. Na kifungu cha nne: *Chombo kikikwama njiani kwa sababu yoyote, kinarudi mikononi mwa mwenyewe mahali pale pale kilipokwama, naye hatadai fidia.*

Komanda akasoma, akarudia kifungu cha nne. "Hii ni ya nini?"

"Hiyo ni ya kukukinga, Komanda. Pikipiki ni ya zamani. Ikikufa njiani, mama huyu atakuja na ukoo wake wote ofisini kwako, kudai mpya. Kwa kifungu hiki hana la kudai. Achukue mzoga wake aende."

Akakubali kwa kichwa, polepole, kama mutu anayeonja mchuzi. "Unaona?" akawaambia askari wake. "Hivi ndivyo utawala unavyofanya kazi." Akatia saini mara tatu, akagonga mhuri mara tatu. Nakala moja akapewa Dancille, naye akaikunja, akaondoka haraka kutafuta motari wa kumpeleka juu.

Sikutegemea mambo mawili yaliyofuata.

La kwanza, Komanda akang'oa kipimo kwenye tangi, na waya, na kionjo, akampa askari mmoja akipeleke ofisini. "Hiki kitakaa kwenye meza yangu." Nikaona Himbi ikifungwa mbele yangu maisha yangu yote.

La pili: "Na muzee huyu anapanda pikapu. Mekanisie haachi pikipiki yake."

Basi nikajikuta nyuma ya pikapu, katikati ya askari wanane, begi la funguo mapajani, nikitazama mgongo wa Komanda juu ya FN. Wewe msomaji utasema niliogopa. Niliogopa. Lakini niliketi nimevuka miguu, kama mutu anayepelekwa kwenye ubatizo wa mjukuu.

Tukapita Kanyaruchinya. Watu wa kambi walitoka kutazama FN yao, kwa sababu kila mutu pale alijua ni ya nani. Mwinuko wa kwanza, moshi mweusi. Mwinuko wa pili, moshi mweusi zaidi, askari wanakohoa. "Ju ya nini inatoa moshi?" mmoja akaniuliza. "Ni nguvu," nikamwambia. "Nguvu ya Wabeleji iko na rangi."

Lakini haikuzima. Ile pikipiki, Mungu anisamehe, ilikuwa na kichwa kigumu kuliko sisi wote. Ilikohoa, ilitapika, ilitetemeka, ikaendelea kupanda. Tukafika Kibumba. Nikaona meza za kabichi, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamwona Dancille amesimama kando na karatasi mkononi. FN ikampita. Komanda akampungia mkono. Ikapita soko lote. Mbele yetu barabara ilikuwa wazi hadi Kiwanja, na nikaanza kufikiria nitakavyomwambia Dancille.

Basi Komanda akageuka.

Sababu ni hii: hakuna aliyempigia makofi. Soko zima, wauza viazi, wauza kabichi, motari, wanawake wenye watoto mgongoni, wote walikuwa wamesimama kimya wanatazama, mikono chini. Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyepiga hata mluzi. Walitazama tu, kama unavyotazama mutu aliyevaa koti la ndugu yako aliyekufa. Angepita zake angefika. Lakini alirudi, akasimama katikati ya soko, injini inatulia du, du, du, na buji mle ndani inazidi kuvikwa masizi. Akanyoosha mgongo, akangoja. Akaona hawajasikia vizuri sauti ya pikipiki. Akazungusha mkono, gesi yote.

FN ikasema *puh*, mara moja. Ikazima.

Akapiga teke la kuwasha. Akapiga tena. Kofia ikaanguka. Mara ya ishirini hivi akaniita, na sauti yake haikuwa ya utawala tena. "Muzee. Tengeneza."

Nikashuka na begi langu. "Inahitaji kipimo, Komanda."

"Kipimo gani?"

"Kile ulichokiweka kwenye meza yako. Bila kipimo nitaitengenezaje? Kwa pua?"

Alinisogelea hadi nikanusa dawa yake ya meno. "Umefanya nini?"

"Nimekuonyesha namba, umezisoma mwenyewe."

Aliwageukia askari. "Ipakieni kwenye pikapu."

Wanane wakaishika. Hapo Dancille akapita katikati yao, mfupi vile, akakaa juu ya FN kwa upande, miguu inaning'inia, akainua karatasi.

"Komanda," akasema kwa sauti ya mutu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde, "mie siyajue kusoma muzuri. Nisomee namba ine."

"Shuka, mama."

"Nisomee tu. Ni saini yako. Ulisema kila kitu iko na karatasi."

Soko likasogea. Walisogea hatua moja, kila mutu na kikapu chake. Motari wakazima injini zao ili wasikie. Komanda alitazama karatasi, akatazama watu, na nikamwona anapiga hesabu. Kuchukua pikipiki ilikuwa rahisi, bunduki nane dhidi ya kabichi. Lakini habari ingefika Kiwanja kabla yake, kwa sababu motari ndio redio ya huku, na mkubwa wake angeisikia pale pale: yule wa makaratasi amepasua karatasi yake mwenyewe mbele ya soko zima, akipigana na mwanamke mzee.

Hakusoma. Dancille akampa karatasi mwuza viazi mmoja aliyewahi kuwa mwalimu, naye akasoma kifungu cha nne polepole, kwa Kiswahili kizuri, akataja na tarehe na mhuri. Alipomaliza akakunja karatasi akamrudishia mwenyewe.

"Nani aliandika hii?" Komanda akauliza, ingawa alijua.

"Mimi niliandika," nikasema. "Weye ulisoma mara mbili."

Alinipiga kofi moja, ambalo sikio langu la kushoto bado linalikumbuka mvua ikitaka kunyesha. Akachukua begi langu la funguo. Akanitazama chini, akaona viatu vyangu, viatu vizuri vya ngozi nilivyopewa siku nilipostaafu. "Vua." Nikavua. "Utashuka Goma kwa miguu, tuone kama utaandika kifungu cha tano." Akaingia ndani ya pikapu na kofia yake iliyojaa vumbi na viatu vyangu mapajani. Aliingia Kiwanja akiwa mbele, nasikia, kando ya dereva, nyuma ya lori la vitunguu.

Pikapu ilipopotea kwenye kona, soko ndipo lilipopiga makofi. Siyo mengi. Kama mvua inavyoanza juu ya mabati.

Dancille akafungua pindo la kitenge, akatoa jikleri. Funguo zangu zilikuwa zimekwenda, lakini motari mmoja akatoa zake, mwingine akang'oa buji ya pikipiki yake ya Kihindi. Ilikuwa ndefu kidogo, hivyo tukaweka pete ya pili ya shaba chini yake, ikakaa. Niliifungua kabureta nimepiga magoti kwenye changarawe, nikafunga ile nzuri, na jikleri ya marehemu nikamrudishia. Dancille aliipangusa kwa kidole, akaifunga kwenye pindo pale pale palipokuwa na ile nyingine.

Teke la pili, ikawaka. Hatukuwa na kipimo. Nikasikiliza kwa sikio lililobaki, nikasema, "Kumi na mbili na tisa," na hakuna aliyenibishia.

"Panda, Muzee."

Nikapanda nyuma, miguu mitupu kwenye vyuma vya moto. Akageuza usukani.

"Mama, Goma ni huku chini. Nina safari ya kumwona Hilaire nimwombe msamaha."

"Goma itangoja. Shamba haingoji."

Akaingia kwenye njia ya mashamba, kati ya nyua za miiba, hadi katikati ya magugu yale yaliyokuwa yamepungua nusu. Akazima injini. Mlima juu yetu ulikuwa unatoa moshi wake mweupe, taratibu. Majirani wawili waliobaki kijijini walitutazama kutoka kwenye ua wao, wakahesabu nani yuko shambani kwa Nzabonimpa msimu huu, na wakaona ni mke wake.

Akachukua jembe alilokuwa ameliacha kwenye magugu. Nilidhani anataka kuanza yeye. Akaniletea mimi.

"Mie?"

"Weye. Miguu yako tayari iko nje ya viatu."